Mzegazega

Mwezi wa saba, Uyole, baridi hulala ndani ya spana.
Ukiishika alfajiri inakung'ata.
Ambakisye huzipanga kando ya jiko la mama wa chai,
kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa,
kama anachoma mahindi,
ndipo anaingia chini ya gari la baba.

Trayamfu. Viti viwili, nyekundu iliyochuja
hadi rangi ya ulimi wa mgonjwa.
Baba aliinunua mwaka sabini na moja
kwa meneja wa chai wa Tukuyu aliyekuwa anafungasha,
na ofisi ikamwandikia ajieleze:
karani wa ushirika, gari la viti viwili la nini?
Akajibu kwa mstari mmoja.
Kimoja changu, kimoja cha mke wangu.

Ugonjwa wake ulikuwa nyuma.
Springi moja tu ya mapande, imelazwa juu ya difu
kama mzegazega, gurudumu huku, gurudumu huku.
Ukiingia kona kwa kasi, usiogope.
Ukiogopa, ukatoa mguu kwenye mafuta,
mkia unanyanyuka,
gurudumu la nje linajikunja kama goti la ndama wa jana,
na gari linageuka kuangalia lilikotoka.

Liligeuka na baba Kiwira, mwaka themanini na mbili,
likampeleka migombani kwa watu.
Alitoka na duara la usukani kifuani,
akalipa mikungu saba,
na gari hakulilaumu.
"Niliogopa katikati," alisema.
Hadi uzee alisema hivyo tu.

Tulimzika mwaka juzi. Funguo zikaja kwangu,
na mimi ni mtu wa kuogopa.

Basi nikanunua Subaru iliyokufa kwa ukungu Igawilo,
uso haina, nyuma nzima kama yai.
Difu yake ina meno thelathini na saba kwa tisa.
Shafti zake zina viungo viwili kila moja,
bega na kiwiko;
gurudumu likipanda jiwe, linapanda limesimama.
Lakini Subaru ni pana.
Inazidi sentimita tisa kila upande.
Siku kumi na moja za uzi, chaki na kukosea.
Tulikata fremu, tukaiunga, tukaikata tena,
kwa sababu umeme ulikatika mshono ukiwa nusu
na Ambakisye hauamini mshono uliopumzika.

"Sasa kila gurudumu lijitegemee," alisema, akivua miwani.
Nikacheka. Neno hilo lilikuwa ukutani ofisini kwa baba,
juu kidogo ya kabati lenye ile barua yake.
"Hata ya zamani yalikuwa yanajitegemea," nikamwambia.
"Kwa jina," akasema,
akaenda kunawa kwa mafuta ya taa.

Jumapili nililiteremsha hadi Kiwira.
Manyunyu, yale membamba ya mashamba ya chai,
lami inateleza kama mgongo wa kambale.
Kwenye kona niliingia na sabini
nikaogopa kwa makusudi.
Nikatoa mguu.

Hakuna kilichotokea.
Gari lilishika njia kama mtu asiyenijua.
Nikasimama mbele kidogo, karibu na migomba,
injini inaunguruma, kioo kinaingia ukungu,
nikakitazama kile kiti cha pili
mpaka mwenye shamba akaja kuuliza kama nimeharibikiwa.
Nikamwambia hapana.
Nikamwambia, tena, nimetengeneza.

Springi ya zamani Ambakisye aliipeleka kwa mhunzi, Mwanjelwa.
Pande la juu limekuwa panga.
Mama analikatia majani ya mgomba.
Linakata vizuri, anasema, ila bado lina upinde,
na hataki linyooshwe.